Maneno ya Baba Yaliyokatwa

Asubuhi ile mfasiri alinakili sentensi moja tu kutoka kwenye karatasi ya maelezo ya dawa iliyofunguliwa kwenye kioo cha kompyuta: "Meza kidonge kimoja baada ya kula." Msaidizi wake, ile akili mnemba aliyowekewa kwenye kompyuta, akajibu: "Nimesoma ulichonakili. Mwishoni kuna neno jingine: kikombe. Nitafsiri na hilo?"

Karatasi nzima haikuwa na neno kikombe.

Kaka yake, fundi wa kompyuta, ndiye aliyempa msaidizi huyo ruhusa mpya: maneno yanayonakiliwa, kabla hayajabandikwa popote, ayasome mwenyewe, ili dada mtu asihangaike kueleza. Mfasiri akadhani kidole kimeteleza. Akanakili sentensi nyingine, kikombe kikafutika, kazi ikaendelea.

Mchana baba yao aliketi mezani akinyoosha kidole. "Nipe hicho... cha kunywea."

"Kikombe, Baba?"

"Sijui mnakiitaje," akasema, wala hakuwa akitania.

Mzee alikuwa mnadi. Ulimi wake ndio uliowalea. Aliwahi kuuza kabati lisilo na mlango kwa kulisifia kwamba halitamsumbua mtu kutafuta funguo. Mfasiri, bintiye kitindamimba, mzee alimpa jina la utani Bei ya Mwisho. Sasa mzee alikaa akiukodolea macho mkono wake mwenyewe, akitafuta jina la kidole gumba.

Yakafuata mlango, kijiko, mvua. Kila neno lilijitokeza kwanza nyuma ya sentensi alizonakili mfasiri, kisha likampotea mzee. Na chumba cha kazi kilianza kunuka utambi uliozimwa sasa hivi, ingawa nyumba haikuwa na mshumaa.

"Ni wewe unayeyaweka?" mfasiri akamwandikia msaidizi.

"Siyo mimi. Nimepewa kusoma tu. Sina njia ya kuweka neno humo. Kuna mwingine anayeandika."

Jua lilikuwa utosini, dirisha wazi, watoto wa jirani wakicheza nje, na katikati ya mwanga wote ule akasikia herufi za kibodi zikibonyezwa moja moja, taratibu, kama za mtu anayejifunza, ilhali mikono yake mwenyewe ilikuwa mapajani, na pumzi ya baridi ikampita sikioni, ikanusa, ikangoja, na msaidizi akaandika bila kuulizwa: "Sasa ni sentensi kamili. Inasema: nipe ulimi wote, nitoke."

Akampigia kaka yake simu, akamweleza kwa kunong'ona.

"Usiguse kitu," kaka akasema. "Ukinakili kipya, kilichomo kinafutika."

Mfasiri akajishika kifua. Kumbe kila sentensi ya dawa aliyonakili ilikuwa imefuta neno la baba yake.

Kaka akaja na tabibu wa kienyeji, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyenusa hewa mlangoni akavua viatu.

"Pepo huyu hapandi kichwani," akasema kwa sauti ya chini. "Hana ulimi, anaiba wa watu. Anakata, na akikata haachi nakala. Mlipofungua mahali pa kusomwa, akapata pa kuweka mali yake. Mlete mzee. Wewe binti, soma yaliyomo, moja moja. Baba yako ayarudishe kinywani."

Tabibu akamshika mzee kifundo cha mkono. Mfasiri akasoma maneno yaliyolundikana tangu aache kunakili, baba akarudia: dirisha, chumvi, mnunuzi, asante. Kila lililorudi kinywani lilitoweka kwenye kioo, na harufu ikazidi hadi kaka akafunika pua. Mzee akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akaomba mengine.

Likabaki moja. Jina la marehemu mama yao. Chini yake herufi zikajibonyeza: hili nisomee, niingie nalo.

"Usilitamke," tabibu akasema upesi. "Amelishikilia. Likiingia kinywani mwa baba yako, naye yumo."

"Ni jina la mama!"

"Najua, mwanangu."

"Bibi, hakuna njia nyingine?"

Tabibu akazidi kukaza kifundo cha mzee. Mzee alikuwa akiwatazama wote, mdomo wazi, akisubiri neno lake. Mfasiri akafumba macho, akanakili sentensi ya kwanza aliyoikuta kwenye karatasi. Kitu kikapiga ukuta kwa ndani, mara moja, kisha hewa ikawa nyepesi. Kaka akaondoa ile ruhusa, akachomoa waya, akazima kompyuta kabisa.

Siku zilizofuata mzee alirejea kuwa mzee. Yale maneno madogo yaliyofutika alifundishwa upya, akayashika. Alimnadia jirani kiti kibovu, jirani akacheka hadi akakinunua.

Kisha jioni moja, wakimenya viazi jikoni na bintiye, mzee akaacha kumenya.

"Mke wangu," akasema. "Namwona kabisa, hata anavyotembea. Aliitwaje?"

Mfasiri akaweka kisu chini. Kabla hajafungua mdomo, jina la mama likaitwa kutoka chumba cha kazi, kwa sauti nene ya mnadi, sauti ya baba yake enzi za ujana.

Mzee akatabasamu, akageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Naam," akasema. "Hilo hilo. Mwambie aingie."