Nguzo Iliyokandikwa Samadi

Kila asubuhi Waisiko alivuka daraja kwenda shule, mto ukinguruma chini yake. Wiki hiyo ulikuwa umepanda, mwekundu, ukibeba miti mizima.

Siku hiyo hakufika darasani. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nashoni, aliwasimamisha wanafunzi darajani. Wahandisi walikuwa wanakuja na droni kupiga picha daraja, akasema, na mgeni haonyeshwi ukuta uliopasuka. Akawaagiza wazibe nyufa za nguzo kabla wageni hawajafika.

Wasichana wa kijiji hicho cha Kemambo hujifunza mapema kukandika nyumba kwa udongo na samadi, na Waisiko aliwashinda wote. Aliziba ufa wa nguzo ya ukingoni, akaulainisha kwa kiganja, kisha akapaka chokaa. Rafiki yake Rhobi alimtania kwamba hata uso wa mzee Nashoni angeweza kuuondolea makunyanzi.

Mchana mhandisi Eunice alirusha droni. Iliizunguka nguzo ikivuma kama nyigu. Alizikagua picha kwenye kishikwambi, akasema hapo haoni ufa hata wa unywele. Mzee Nashoni alitabasamu mpaka jino lake la mwisho likapata upepo.

Waisiko hakucheka. Alipokuwa akikandika, kidole chake kizima kilizama ndani ya ufa ule, kikagusa maji ya baridi. Na sasa ng'ambo kengele za ng'ombe zilisikika. Baba yake alikuwa akirudi na kundi kutoka mnadani.

"Shikamoo, mhandisi," Waisiko alimwambia Eunice. "Droni yako imepiga picha samadi yangu."

"Marahaba. Samadi gani, mwanangu?"

"Ufa upo. Nimeuziba mimi. Kidole kinaingia chote."

Mzee Nashoni alikohoa, akaanza habari za usafi wa kijiji. Eunice alikuwa ameshakimbia kufunga kamba darajani ili mtu asivuke. Nguzo ikaoshwa, droni ikarushwa tena. Picha ikaonyesha mstari mweusi ukipanda kutoka majini. Eunice aliupima pale pale kwenye kishikwambi: milimita kumi na mbili. Akasema hapo hata baiskeli isipite.

Ng'ambo, baba yake Waisiko aligomba kwa kuzuiwa kuvuka, akatikisa fimbo. Ghafla nguzo ilitoa mlio kama mfupa unaovunjika. Kipande cha daraja kikadondoka, mto ukakimeza. Fimbo ikashuka taratibu.

Mzee Nashoni alivua kofia.

"Nilitaka wageni watusifu, nusura nizike watu," aliwaambia wanafunzi. "Mwenye kuona ufa aseme, hata kama utamwaibisha mwenyekiti."