Sauti Ambayo Mamdogo Hakuifuta

Aliyepatwa na haya ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kama unadhani ni mtu wa kuona mashetani kila kona, basi humjui. Huyu ni mwanamke wa nyaya na kompyuta. Ukimwambia kuna kitu kimepita dirishani, atakuuliza kamera ipi imekiona. Wanaoogopa giza alikuwa akiwacheka mpaka anashika mbavu. Mtoto wa dada yake anamwita Mamdogo, na kazini kwake walilidaka jina hilo, basi na mimi nitamwita hivyohivyo.

Kampuni yao ina magari madogo yanayojiendesha yenyewe. Hayana dereva, hayana usukani. Asubuhi yanawafuata watoto majumbani na kuwapeleka shule, mchana yanawarudisha. Sasa gari lisilo na dereva, mtu mbaya akiliingilia, nani atamkemea? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mamdogo: kuhakikisha asiyehusika hafungui mlango, hapandi, wala haliamrishi gari liende kwingine. Kila mtoto ana watu wake walioandikishwa sauti, na gari linawasikiliza hao tu. Halidanganyiki kwa sauti ya kurekodi, maana kuna mhuni aliwahi kujaribu. Tangu siku hiyo, kabla ya kumkubali mtu, gari linamtajia maneno ya ovyoovyo yaliyobuniwa palepale, naye ayarudie. Aliyerekodi sauti ya mtu jana atayatoa wapi maneno ya leo?

Juu ya sauti zote iko ya mzazi. Mzazi akiliambia gari liende, ofisi haiwezi kulisimamisha. Ofisi inaweza jambo moja tu, kuifuta sauti yenyewe, na ikishafutwa ndiyo basi, hairudi. Kwa hiyo mzazi akifariki, anafutwa siku hiyohiyo. Mamdogo aliwafuta baba za watu huku wajane wanalia mbele ya meza yake, wanamwomba awaachie japo wiki moja. Hakumwachia mtu. Kazi ni kazi, aliwaambia, akawasogezea kitambaa wafute machozi.

Halafu akafariki dada yake.

Ugonjwa wenyewe haukumpa hata nafasi ya kuaga vizuri. Akaacha binti mmoja asiye na baba, mtoto wa darasa la pili, ambaye kwa kuongea maneno ya kikubwa walimpa jina la Kibibi. Kibibi akahamia kwa Mamdogo na begi lake la shule na mto wake wa kulalia, akatangaza tangu siku ya kwanza kwamba yeye hali chakula kilichogusana na mchuzi. Mamdogo hakuwa na mtoto wala hakujua kulea. Alijikaza kisabuni. Ofisini wakamuuliza kama dada ameshafutwa, akajibu ndiyo.

Uongo mtupu. Siku ile ya kuandikisha sauti, dada yake alisoma maneno ya majaribio hadi katikati, akaangua kicheko, akasema, "Hivi hili gari lenu linataka niwasomee gazeti zima?" Hicho kicheko kilikuwa humo, na hakikuwepo mahali pengine popote duniani. Kila mchana wenzake walipotoka kwenda kula, Mamdogo alivaa spika za masikioni, akakisikiliza, akalia kidogo, akanawa uso, akaendelea na kazi. Mimi simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hayohayo, na pengine zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua la mchana lilikuwa linachoma mabati, feni inazunguka kwa kelele zake, na kwenye skrini magari yanatoka shuleni moja baada ya jingine. Pembeni yake alikaa mwenzake wa zamu, bwana mmoja waliyemwita Kufuli kwa utani, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na hata komeo. Alikuwa anasimulia habari za mama mkwe wake, aliyekuja kwa siku mbili na sasa anachagua rangi ya mapazia. Mamdogo alikuwa anacheka. Kufuli akakatiza hadithi yake mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida.

"Gari la Kibibi limesimama," akasema.

Lilisimama kando ya ukuta mrefu wa kiwanda, mahali pasipo na nyumba wala kituo. Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukabaki wazi. Kisha ukafungwa polepole, kwa uangalifu, kama anavyofunga mtu asiyetaka kumshtua mtoto. Kwenye skrini yakatokea maneno yanayotokea kila siku: mzazi amepanda.

Kamera ya ndani ilimwonyesha Kibibi peke yake kwenye kiti cha nyuma. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mkanda wa kiti kile ukavutika. Ukapita hewani, ukakaa umetuna kwa mbele kama unavyokaa kifuani mwa mtu, ukajifunga.

Kufuli akashusha sauti. "Si ulisema umemfuta?"

Mamdogo alikuwa ameukodolea macho ule mkanda.

"Ni wezi," Kufuli akanong'ona. "Wamepata mtu wa kuigiza sauti. Hebu tusikilize."

Wakafungua sauti ya mlangoni. Gari lilitaja maneno yake ya ovyoovyo, yaliyotungwa muda uleule: ndoo, kioo, Jumamosi. Ikafuata sauti ya dada. Ndoo. Kioo. Jumamosi. Bila haraka, na mwishoni akacheka kidogo puani, kama mtu anayeona kichekesho kuulizwa vitu hivyo mlangoni pa mtoto wake. Hakuna mtu aliyewahi kumrekodi akisema maneno yale. Vinyweleo vya mikononi vikamsimama Mamdogo, na kibaya zaidi, moyo wake ulifurahi. Alifurahi kwanza. Woga ulikuja baadaye, na ulikuja wote kwa pamoja.

Gari likaondoka. Lilipofika njia panda halikukata kwenda nyumbani. Lilishika barabara ya kushoto, nyembamba, ya vumbi. Barabara ile haina shule, haina duka. Inaishia makaburini, na ndiko walikomzika dada.

"Lisimamishe," Kufuli akasema.

Mamdogo akabonyeza. Gari likakataa. Amri ya mzazi.

Akabonyeza tena. Likakataa.

Mapazia ya vioo yakashuka, moja upande huu, moja upande ule. Ndani kukawa na kiza. Mkanda wa Kibibi ukafunguka wenyewe. Mtoto akateleza kutoka kitini, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea kile kiti kitupu. Sasa walichoona ni kivuli cha kichwa tu. Kichwa kikavutwa nyuma. Kikainamishwa mbele. Kikageuzwa upande. Kikavutwa tena, kwa nguvu.

"Mama," sauti ya mtoto ikatoka kwenye spika, ndogo, ya kulalamika. "Mama, unaniumiza."

Mamdogo akashika kipaza sauti kinachosikika ndani ya gari.

"Dada?"

Halafu, karibu sana, kama mdomo uko kwenye sikio lake:

"Bado kidogo, mdogo wangu."

"Mrudishe mtoto."

"Bado kidogo."

"Dada, nakuomba. Huyu ni wangu sasa. Ulimwacha kwangu."

Kamera ya mbele ilionyesha ukuta mweupe, kisha geti. Geti lilikuwa wazi. Kibibi akalia tena, aa, na kichwa kikavutwa.

"Mfute," Kufuli akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka, yeye mtu wa mizaha. "Mamdogo, mfute."

Alijua anachofanya, tusimwonee. Alijua akibonyeza pale hatamsikia tena dada yake, si kwenye gari, si kwenye spika za masikioni, si popote. Alijua pia kwamba asipobonyeza gari litaingia lile geti na mwanawe ndani. Alitaja jina la dada yake mara moja, taratibu.

Akafuta.

"Bado ki," ilisema spika, ikanyamaza.

Gari likasimama hatua chache nje ya geti. Mapazia yakapanda. Mkanda wa kile kiti ukalegea, ukarudi kwenye kifuko chake. Sasa lilimtii Mamdogo, naye akaliamuru lije palepale ofisini, mbio kadiri linavyoruhusiwa. Njia nzima Kibibi alikuwa analia, kichwa amekifunika kwa begi la shule. Mamdogo hakungoja lifike. Alishuka ngazi akiwa na kiatu kimoja, akasimama uani juani, anajishika kifua, anamwomba Mungu amkute mtoto mzima.

Gari likaingia. Mlango ukafunguka.

Kibibi alikuwa mzima. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amenuna, pua inamtoka kamasi, na nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa.

Mamdogo alidhani macho yanamdanganya. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Upande wa kulia, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ulikuwa na mistari midogomidogo, iliyokazwa, iliyonyooka, inang'aa mafuta. Kazi ya alasiri nzima, nayo ile safari ilikuwa fupi kiasi kwamba birika la chai lisingechemka. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimechanwa tu na kugawanywa tayari kwa kusukwa. Mamdogo hajui kusuka. Tangu msiba, kila asubuhi alikuwa anambana mtoto nywele kwa kibanio na kumwomba radhi.

"Mbona umemfukuza?" Kibibi akamuuliza. "Alikuwa hajamaliza."

"Alikuwa anakupeleka wapi?"

"Hanipeleki mimi. Alisema tumsindikize, ateremke pale kwake. Mimi nirudi kwako na kichwa kisafi, usihangaike." Akajifuta kamasi kwa mkono wa sare. "Alisema unahangaika sana."

Mamdogo akapiga magoti pale uani. Hakulia, hilo Kufuli amenihakikishia. Msuko wa mwisho, ule wa katikati ya kichwa, ulikuwa umeachwa njiani. Ulikazwa vizuri kuanzia kwenye paji, ukafika utosini, na hapo nyuzi tatu za nywele zilikuwa zimeachana, zinaanza kufumuka moja moja, polepole, mbele ya macho yake.

Akazibana kwa vidole viwili zisifumuke. Kufuli alipofika kumwinua, alikuwa bado amezishika, na mtoto amesimama kimya, kichwa ameinamisha.