Mtoto wa Ng'ambo ya Korongo

Wakesho alikuwa na miaka sita. Likizo hiyo, nyumba yake ilikuwa hema.

Hema lilisimama mbali sana na mji, kwenye nchi ya juu, kavu, yenye mawe mekundu na miiba. Mchana jua liliwaka. Asubuhi baridi iliuma masikio.

Mbele ya hema ardhi ilikuwa imepasuka, kama mkate uliomegwa katikati. Hilo ndilo korongo. Chini kabisa ulipita mto.

Shaaa, shaaa, shaaa, ulisema mto.

Mama yake Wakesho alikuwa mpimaji. Alikuja kupima korongo, ili siku moja watu wajenge daraja. Alikuwa na kamba ndefu, daftari, na darubini ya miguu mitatu.

Mjomba Halkano alikuwa dereva. Tena alikuwa mpishi.

Basi, hao tu. Mama, Mjomba Halkano na Wakesho. Hapakuwa na mtoto mwingine hata mmoja.

Mama alipanga mstari wa mawe meupe, mbali na ukingo.

"Ucheze huku, mwanangu. Mawe haya usiyavuke."

"Sawa, Mama."

Siku ya kwanza Wakesho alicheza na vijiti. Siku ya pili alicheza na vijiti. Siku ya tatu akavitupa vyote.

"Mama, tucheze!"

"Ngoja kidogo, mwanangu. Napima."

"Mjomba, tucheze!"

"Ngoja kidogo, Wakesho. Maharagwe yataungua."

Wakesho akangoja kidogo. Akangoja tena kidogo. Jua likapita juu ya kichwa chake, bado anangoja.

*Korongo ni refu, korongo ni pana.*
*Na Wakesho yuko peke yake.*

Akasimama nyuma ya mawe meupe. Akaweka mikono mdomoni.

"Kuuu-iii!"

Korongo likajibu. "Kuuu-iii… uuu-iii… iii…"

"Mjomba! Kuna mtu!"

"Hakuna mtu," Mjomba Halkano akasema. "Ni sauti yako. Inagonga mwamba, inarudi."

Wakesho akashusha mikono. Sauti yake alikuwa nayo tayari. Alitaka ya mtu mwingine.

Kesho yake akaita tena, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine.

"Kuuu-iii!"

"Kuuu-iii… uuu-iii… iii…" Kisha kimya.

Kisha…

"Yeee-hooo!"

Wakesho akaruka. Yeye hakuwa amesema yeee-hooo!

Akatazama ng'ambo. Mbali, mbali kabisa, aliona nukta nyekundu. Pembeni yake palikuwa na nukta nyeupe nyingi. Nukta nyeupe zilikuwa mbuzi. Nukta nyekundu ilikuwa inapunga mkono.

"Unaitwa naniii?" Wakesho akapaza sauti.

Vuuu! Upepo ukayachukua maneno. Nukta nyekundu nayo ikasema kitu. Vuuu! Upepo ukayachukua hayo pia.

Wakesho akaruka mara moja. Nukta ikaruka mara moja.

Wakesho akazunguka. Nukta ikazunguka.

Wakesho akacheza ngoma, mikono juu, miguu ikipiga vumbi. Ng'ambo nako vumbi likapanda. Mbuzi hawakucheza. Mbuzi walikula.

"Mama! Mama! Njoo uone!"

Safari hii Mama hakusema ngoja. Aligeuza darubini, akamwinua Wakesho.

Loo! Nukta ilikuwa msichana. Alikuwa mdogo kama Wakesho, amejifunga shuka nyekundu, amebeba kitoto cha mbuzi. Alikuwa anacheka, na jino la mbele hana.

"Mama, hana jino! Hata mimi sina!"

Wakesho akageuka, akafungua mdomo wote, aaaa, ili msichana naye aone.

"Hawezi kukuona vizuri hivyo, mwanangu," Mama akasema. "Yeye hana darubini."

Wakesho akafunga mdomo.

"Basi twende kwake."

"Njia hakuna. Kivuko kiko juu kabisa ya mto. Kwa miguu ni mwendo wa kutwa nzima. Na mimi sijamaliza kazi."

*Korongo ni refu, korongo ni pana.*
*Wakesho huku, na mtoto kule.*

Kila siku baada ya chakula Wakesho aliita. "Kuuu-iii!"

Na kila siku mtoto aliitika. "Yeee-hooo!"

Waliruka. Walizunguka. Walikaa chini kwa pamoja na kuinuka kwa pamoja.

Lakini jioni mbuzi walirudi nyumbani, na mtoto aliwafuata. Nukta nyekundu ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikapotea. Ng'ambo kukabaki mawe matupu.

Hiyo ndiyo saa ambayo Wakesho hakuipenda. Alikunywa chai huku akitazama ng'ambo.

"Mama, jina lake nani?"

"Sijui, mwanangu."

"Ana mtu wa kucheza naye akifika kwao?"

"Sijui."

Siku moja Mama akafunga daftari, pap!

"Kazi imekwisha! Kesho tunafunga mizigo. Kesho kutwa asubuhi tunarudi nyumbani."

Mjomba Halkano akapiga makofi. Wakesho hakupiga.

Alikwenda kwenye mawe meupe. Mtoto alikuwepo, ng'ambo, pamoja na mbuzi wake.

Wakesho akaonyesha hema. Akaonyesha gari. Akazungusha usukani wa hewa, vruuum. Kisha akapunga mkono, polepole.

Mtoto hakupunga. Alisimama tu. Halafu akageuka, akakimbia, na mbuzi wote wakakimbia nyuma yake.

Kulipokucha, Wakesho aliita mapema.

"Kuuu-iii!"

"Kuuu-iii… uuu-iii… iii…"

Lilikuwa korongo tu.

Akaita saa sita. Korongo tu. Akaita baada ya chakula. Korongo tu. Hata mbuzi hawakuwepo.

"Amekasirika," Wakesho akasema.

"Labda amepeleka mbuzi penye majani," Mjomba Halkano akasema. "Njoo tucheze. Leo nina nafasi."

"Sitaki."

Mjomba Halkano hakumlazimisha. Alikaa chini karibu naye, juu ya vumbi. Wote wawili wakatazama ng'ambo. Machozi ya Wakesho yalidondoka moja moja. Tii. Tii.

*Korongo ni refu, korongo ni pana.*
*Huku hakuna mtu, kule hakuna mtu.*

Jua likaanza kushuka. Mawe mekundu yakawa mekundu zaidi. Mama alikuwa anakunja kamba zake.

"Yeee-hooo!"

Wakesho akainua kichwa. Ng'ambo hapakuwa na kitu.

"Yeee-hooo!"

Sauti ilikuwa karibu. Ilikuwa karibu mno! Ilitoka nyuma ya hema!

Wakesho akageuka mbio.

Mwanamume mrefu alikuwa anakuja na fimbo yake begani. Na kando yake, vumbi mpaka magotini, alikuja msichana mwenye shuka nyekundu.

"Hamjambo hapa?" mwanamume akasema.

"Hatujambo! Karibuni, karibuni!" Mama akasema. "Mmetoka ng'ambo? Kwa miguu?"

"Tumeondoka kabla ya jua. Huyu binti yangu hakuniacha nilale. Usiku kucha ananiambia: Baba, kuna mtoto kule, yuko peke yake. Baba, anaondoka. Baba, twende. Nikasema haya, mbuzi watabaki na shangazi yako. Twende."

Wakesho alisikia yote. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, siku nyingi alikuwa nayo. Sasa yote yalimkimbia. Alitazama vidole vya miguu yake. Msichana naye alitazama vidole vya miguu yake.

"Unaitwa nani?" Wakesho akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Arupe. Na wewe?"

"Wakesho."

Wakatazama vidole tena.

"Nilidhani umekasirika," Wakesho akasema.

"Sikukasirika," Arupe akasema. "Nilikuwa natembea."

Wakesho akacheka. Arupe akacheka. Wakesho akaruka, Arupe akaruka, na vumbi la wote wawili likawa moja.

Walikula ugali na maharagwe, mabega yakigusana. Baba Arupe alikunywa chai, kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu.

"Mama, hilo daraja tunalolisikia litakuja lini?" akauliza.

"Kusema kweli sijui," Mama akajibu. "Mimi napima tu. Lakini kesho gari letu linapita kivukoni. Tutawapeleka mpaka nyumbani."

"Miguu yangu inashukuru," Baba Arupe akasema, na watu wazima wakacheka.

Arupe alilala kwenye hema la Wakesho. Godoro moja, blanketi moja. Nje, moto ulisema tatata, na mto ulisema shaaa, shaaa, shaaa.

Siku zote walikuwa wanapiga kelele. Sasa walinong'ona.

"Kwetu kuna jiwe lenye umbo la ngamia," Arupe akanong'ona. "Kesho nitakuonyesha. Tunapanda juu yake."

"Tunapanda sote wawili?"

"Sote wawili. Wewe utakaa mbele?"

Wakesho hakujibu.

"Wakesho? Utakaa mbele au nyuma?"

Wakesho alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono wake juu ya mkono wa Arupe.

Arupe akavuta blanketi, akamfunika mpaka shingoni. Akasogea karibu. Kisha naye akalala.