Vidonge kwenye Ungo

Kila asubuhi likizo ile nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kufungulia kuku, na kumshikia dada Flora daftari. Dada alisomea uuguzi Singida mjini, na alikuwa amerudi nyumbani Sepuka na daftari nene la somo la dawa. Alikoroga uji huku akikariri, nami nikimsahihisha kwa ukali kuliko mwalimu mkuu.

"Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, unahakikisha mambo mangapi?"

"Matano. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, muda sahihi, njia sahihi."

"Umepata. Kaa chini."

Bibi Magdalena alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba hii ina wauguzi wawili, dada yako na wewe Damari. Mimi sifi leo!"

Maneno yale yalinivimbisha kichwa. Nilikuwa darasa la sita tu, lakini nilijiona nimekwisha hitimu.

Bibi alikuwa na presha na kisukari, na macho yake hayakuona vizuri. Kwa hiyo dada alifunga uzi kwenye vifuko vyake viwili vya dawa. Uzi wa kifuko cha presha ulikuwa na fundo moja, kwa kuwa alimeza kidonge kimoja kwa siku. Wa kisukari ulikuwa na mafundo mawili: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Bibi alipapasa fundo, akahesabu, akameza. Hakuwahi kukosea.

Jumamosi moja dada alikwenda shambani kuvuna alizeti. Bibi alikuwa amejilaza. Rafiki yangu Jenifa alipokuja, nilitaka aone jinsi ninavyojua dawa. Nikachukua vifuko vya Bibi, nikamwaga vidonge kwenye ungo, vya presha huku na vya kisukari kule, nikaanza kumfundisha huku nimeinua kidole.

Nikiwa katikati ya somo, jogoo akarukia ungo akidhani ni mtama. Tulipomfukuza, vidonge vilikuwa vimechanganyika. Vyote vilikuwa vyeupe, vya mviringo.

"Utavijuaje sasa?" Jenifa aliuliza.

"Mimi navijua," nilijibu. Sikuvijua hata kimoja. Nilivigawa kwa kubahatisha.

"Damari, mwambie dada yako."

"Ili anione mjinga? Nyamaza na wewe."

Siku ya tatu Bibi alianguka uwanjani akipepeta mtama. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, dada akiwa amemshika kwa nyuma, nami nikawafuata mbio kwa miguu. Nilifika nikitweta, nikamwamkia tabibu Sostenes. Aliitikia bila kuinua macho kwenye kipimo.

"Presha imeshuka mno," alisema. "Bibi, jana ulimeza vidonge vingapi vya presha?"

"Kimoja, mwanangu, kama siku zote."

"Kimoja hakiwezi kukuangusha hivi. Huenda ulisahau, ukarudia."

Bibi alihesabu kwa vidole, akaanza upya. Huyu ndiye aliyejua siku aliyozaliwa kila mbuzi wa boma letu. Kisha akasema polepole, "Huenda. Akili yangu nayo imeanza kuzeeka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada naye alikuwa akifuta machozi. "Vifuko nilivipanga mimi. Kama nilikosea kwa bibi yangu mwenyewe, nitamhudumia nani?"

Nami bado nilinyamaza, jamani. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Basi," alisema tabibu, "akiruhusiwa, vya presha aviache kwanza. Aendelee na vya kisukari peke yake."

Vya kisukari! Kifuko cha mafundo mawili! Kama presha ilishuka hivi, basi humo ndimo nilimotia vidonge vingi vya presha. Bibi angeendelea kuvimeza vinne kwa siku, na kila mtu angeamini anatibiwa.

"Asimeze!" nilipiga kelele. "Vimechanganyika! Bibi hakusahau, ni mimi!"

Nilieleza yote, ungo, jogoo na uongo wangu, huku machozi na kamasi vikinitoka pamoja. Tabibu hakunigombeza. Alimtundikia Bibi dripu, akamtuma dada alete vifuko vile, akavitenga visitumike tena, akatoa dawa mpya. Dada alipita mbele yangu bila kuniangalia, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Kesho yake jioni Bibi alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kigoda. Nilipiga magoti mbele yake, lakini sikuweza kuinua uso.

"Nisamehe, Bibi."

"Kumwaga vidonge ni utoto," alisema. "Ungesema siku ileile, ningekupiga kofi moja tukayamaliza. Kilichoniangusha mimi ni ule ukimya wako wa siku tatu. Na pale zahanati uliniacha niamini nimepoteza akili. Mjukuu wangu, anayejua dawa ni yule anayethubutu kusema, 'Nimekosea.' Asiyethubutu, asishike kidonge cha mtu."

Dada Flora alikuja na maji ya kunywa na vifuko vipya. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akaviweka mkononi mwangu. "Mpe dawa. Mimi nasimamia."

Nilianza na jambo la kwanza kati ya yale matano.

"Mgonjwa, unaitwa nani?"

"Magdalena," Bibi alijibu. "Na bado nalikumbuka."

Nilicheka nikilia, nikapapasa fundo mara mbili kabla ya kufungua.