Mwanaume Asiyeonekana wa Régine

— Régine, niambie jina yake.

— Jina ya nani?

— Ya ule mwanaume!

— Mwanaume gani?

Régine Mumba alisimama mlangoni kwa shangazi yake, tantine Germaine, katika cité iitwayo Kenya, mtaa wa Waafrika hapa Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, sindano ya kushonea bado vidoleni. Ulikuwa mwaka 1957. Mchumba wake, Liévin Kalaba, kijana wa Mitwaba aliyekuwa akisoma fizikia kwenye université mpya, alikuwa amesimama mbele yake, daftari la hesabu kwapani.

— Sikia. Kuko bantu ba fizikia, kazi yabo ni kufikiri na kuhesabu tu. Bakaona atome ikivunjika, nguvu yenye inatoka haifikie ile ya mwanzo. Ingine inapotea. Mumoja akasema: kuko kitu kidogo sana, haionekane, njo inaibeba. Myaka mingi hakuna mwenye aliiona. Mwaka jana, kule Amerika, bakaikamata. Neutrino!

— Sasa miye naingia wapi mu ile mambo?

— Zamani, kisha ya misa, ulikuwa unabakia, tunacheka. Sasa unasalimia, unaenda. Kitu inapotea, Régine. Na kama inapotea, kuko mwenye kuibeba!

Régine alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hatanii.

— Ulihesabu mapendo yangu?

— Ni Mwape, ule infirmier mwenye kufunga bidonda. Balikuona kwake ku dispensaire.

— Liévin, mwanangu, enda kwenu, — tantine Germaine akaita kutoka ndani. — Enda, usingoje nitoke.

Akaenda, lakini si kwao. Alimkuta Mwape kwenye zahanati, akifunga kidonda cha mzee mmoja.

— Unatafuta nini na Régine wangu?

— Régine nani?

— Mutoto wa Papa Mumba, mwenye kutumika ku chemin de fer, ku magari-moshi!

— Aah, ule! — Mwape hakuacha bandeji. — Alikuya kuuliza dawa. Asema muchumba wake hasikie tena. Nikamuambia amulete, tumuoshe masikio. Njo weye?

Yule mzee akainua kichwa, akamchungulia Liévin masikio. Liévin akatoka. Alitembea bila kujua miguu inampeleka wapi, na ikamrudisha kwa tantine Germaine.

— Régine, ni nini sikusikia?

— Siku ya Pasaka nilikuambia: kazi inamutuma Papa kule Kamina, tunahama bote kisha ya Pentekoste. Kama unanitaka, ukuye kwa Papa. Unajua ulijibu nini?

— Hapana.

— "Ndiyo, ni muzuri." Ukaendelea na neutrino yako. Nikazani unaniacha. Nikaanza kukuzoea kidogo kidogo kama muntu mwenye ameshaenda.

— Basi ile yenye ilikuwa inapotea…

— Hakuna mwanaume mwenye kuibeba, Liévin! Ni weye hukukuwa pale!

Liévin akakaa kwenye kizingiti. Hesabu zote zilimchanganyikia kichwani.

— Nilisema "ni muzuri"? Kweli?

— Na kucheka ulicheka.

Jioni ile ile walimkuta Papa Mumba akifunga kasha kwa kamba.

— Papa, nimekuya kuomba Régine.

— Leo? Godoro imeshafungwa, njo unakuya leo?

— Munisamehe, Papa.

— Na ile kazi ya kutafuta kitu haionekane, inalisha muke?

— Sijui bado, Papa. Nikimaliza masomo nitafundisha.

Mzee akaacha kamba.

— Régine, unamutaka huyu?

— Nilikuwa sijui, Papa. Sasa nazani ndiyo.

— Unazani?

— Namutaka, Papa.

— Basi kesho alete bakubwa bake. Haraka.

Walifunga ndoa Jumamosi moja kabla ya Pentekoste. Baadaye gari-moshi likawachukua Papa na Mama Mumba, na Régine akabaki kwenye gare akilia. Liévin akamtazama. Furaha? Uchungu wa wazazi? Au ameshajuta? Alikaribia kujipa jibu mwenyewe.

— Régine, unalia juu ya nini?

— Sijui, Liévin. Ngoja kwanza.

Akangoja. Gari-moshi lilishapotea, wabebaji wakatawanyika, naye Liévin bado alikuwa amesimama pale, ameinamisha kichwa, sikio karibu na mdomo wa Régine.