Zamu ya Wasusi

Mto wenyewe, niseme ukweli, si wa kujivunia. Kiangazi mtu mwenye miguu mirefu anauruka bila kulowesha viatu. Unachimbuka kwenye mawe kule juu kwa wafinyanzi, unapita kwa wachoma tofali, unateremka kwa wakulima wa vitunguu, halafu unaingia kwenye matete na kufia humo humo mchangani. Vijiji vitatu, mto mmoja mwembamba. Pahali kama hapo usipoweka mgawaji, watu watatoana macho.

Mgawaji alikuwa mwanamke. Jina lake watu walishalisahau, walimwita Bi Zamu. Kutwa alishinda kwenye banio, pale mto ulipozibwa kwa mawe ili maji yaingie mifereji, akimfungulia huyu na kumfungia yule. Kila kijiji kilitundika rimu kuukuu la gari. Wakitaka maji waligonga, naye akainua ubao wa lango lao. Wakishiba waligonga tena, akaushusha. Hakuwaona na hawakumwona. Sheria ilikuwa fupi tangu enzi za wazee: anayegonga, anapewa.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, na pamoja na kazi akarithi chuki. Wafinyanzi walisema anawapendelea wachoma tofali. Wachoma tofali walisema amelishwa vitunguu. Msibani watu walimsogelea kwa adabu, wakampa mkono wa pole, kisha wakaenda kukaa kwingine. Mtu pekee aliyemwita "Dada" ni mdogo wake, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa chini, mfereji ukipita nyuma ya jiko lake kabla ya kuzama kwenye matete. Lakini mdogo wake alikuwa na mume na watoto na vitunguu, na mwenye shughuli zake hana nafasi ya kumliwaza mpweke kila siku. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Bi Zamu alikuwa ameuzoea mpaka haunusi tena.

Jioni moja, jua limeshatua na ubaridi umeanza kupanda kutoka majini, wakulima wa vitunguu waligonga kwamba wameshiba. Aliushika ubao aushushe. Maji ya usiku yalitakiwa kubaki juu yajae, wapate wote kesho.

Akasikia rimu jingine.

Mbali... chini... kupita vitunguu. Kupita matete.

Alisimama na ubao mkononi. Huko chini hakukuwa na mtu. Zamani palikuwa na kijiji cha nne, cha wasusi wa mikeka, ila mwaka wa ukame mkubwa vijiji vitatu vilikaa kikao na kukubaliana kwamba maji hayatoshi wanne. Mumewe ndiye aliyeambiwa awafungie. Akawafungia. Wasusi waligonga asubuhi, wakagonga mchana, wakagonga jioni, siku nenda siku rudi, na yeye anakula chakula ameinama. "Watahama tu," alimwambia mkewe. Baadaye wakanyamaza. Watu wakasema wamehama, na hakuna aliyeuliza wamehamia wapi. Jioni moja mumewe akachukua fimbo, akasema anakwenda kuwatazama. Hakurudi. Walimtafuta mpaka pembezoni mwa matete, wakachoka upesi. Wengine walicheka pembeni kwamba amepata msusi mrembo huko.

Rimu likagonga tena. Moja zito, mbili nyepesi.

Kila mgongaji ana mkono wake, na mkono ule aliujua. Mumewe alipobisha mlango alibisha hivyo. Alipokuwa akisubiri chai aligonga meza hivyo. Angeweza kushusha ubao, aende zake akalale. Lakini anayegonga anapewa, na kwa miaka mitatu hakuna aliyembishia hodi.

Aliuacha wazi.

Kesho yake jioni likagonga tena, naye akaacha wazi tena. Mchanga wa chini ulikuwa mkavu na mchoyo, ulikunywa kila kilichofika. Lakini kila jioni maji yalisogea kidogo, na kila jioni rimu lilisikika karibu kidogo. Bi Zamu alianza kuchana nywele kabla ya kwenda banioni. Akatoa kanga yake nzuri sandukuni. Mchana alikuwa akiongea peke yake, akimtania mumewe: "Umekonda wewe. Nani anakupikia huko?"

Juu, maji hayakujaa tena. Wafinyanzi walikuja na maneno, akawajibu kwa maneno. Kilichomuuma ni mdogo wake, maana upungufu ukitokea humpata aliye wa mwisho. Alikuja mwenyewe, mikono ina vumbi.

"Dada, vitunguu vyangu vinanyauka. Maji hayanifikii mchana, halafu alfajiri naukuta mfereji umelowa. Nani anayachukua?"

"Kiangazi, mdogo wangu."

"Kiangazi kinalowesha mfereji?"

Bi Zamu aliinama akapanga mawe ya banio. Mdogo mtu alimkagua, akaona nywele, akaona kanga. "Umependeza," alisema polepole. "Unamngoja nani?"

"Nani wa kuja kwangu mimi?" akajibu, akajifanya anacheka. Aliona haya. Alijua anamnyang'anya mdogo wake tonge la watoto, na alijua pia kwamba jioni hiyo atafungulia tena.

Jioni hiyo rimu halikugonga.

Alifungulia hivyo hivyo, akangoja. Kimya. Vyura waliokuwa wakipiga kelele tangu magharibi walinyamaza wote kwa pamoja. Alishindwa kuvumilia. Alifuata ukingo wa mfereji kwenda chini, akapita mashamba ya vitunguu, akapita nyuma ya jiko la mdogo wake ambako taa ilikuwa inawaka na watoto wanasikika wakigombania kijiko, mpaka pale mfereji unapoingia kwenye matete. Palinuka matope. Palinuka na kitu kingine, ukindu wa mikeka uliolowekwa muda mrefu mno.

"Mke wangu..."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu aliyeamka usingizini.

Alikuwa amesimama kati ya matete, maji yamemfika vifundoni. Shati lile lile. Fimbo ile ile. Midomo yake ilikuwa imepasuka pasuka, lakini alikuwa yeye, na Bi Zamu alihisi machozi yakimtoka kabla hajafikiri lolote.

"Umekaa wapi?" alinong'ona. "Miaka yote hii, umekaa wapi?"

"Nilikuja kuwaomba radhi. Wakanipokea."

"Njoo nyumbani basi. Toka humo, njoo."

Alimnyoshea mkono. Mumewe aliutazama ukingo wa mchanga uliokuwa kati yao, hatua moja tu, akatikisa kichwa.

"Siwezi kukanyaga pakavu. Tunakwenda maji yanapokwenda." Akatabasamu, na midomo ikapasuka zaidi bila kutoa damu. "Umetufikisha vizuri. Bado kidogo."

Tunakwenda. Umetufikisha.

Matete nyuma yake yalianza kutikisika. Upepo haukuwepo. Aliwaona mmoja mmoja: wanaume, vikongwe, akina mama wenye mikeka iliyokunjwa kichwani kama watu wanaohama kweli. Wote ndani ya maji. Walikuwa wanamtazama koo.

"Hao ni nani?" aliuliza, ingawa aliwajua.

"Wenye zamu," alisema mumewe. "Walingoja sana, mke wangu. Mimi ndiye niliyewafungia. Nimewaahidi nitawapeleka mpaka juu. Huu mfereji si unapita kwa shemeji?"

Nyuma ya Bi Zamu, jikoni kwa mdogo wake, mtoto mmoja alicheka.

Bi Zamu alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama mumewe, akamtazama vizuri, awe na kitu cha kubaki nacho. Kisha akageuka, akakimbia.

Alikimbia kupandisha ukingo, kanga imemvuka, miiba inamchana. Nyuma yake alisikia maji yakikanyagwa. Chubwi... chubwi... chubwi. Miguu mingi. Hawakuwa wanakimbia, walitembea kama watu wanaokwenda sokoni mapema. Hakuthubutu kugeuka. Alipofika banioni aliurukia ubao kwa uzito wake wote. Uligoma, ukalia, ukashuka.

Maji yakakatika.

Alijilaza juu ya ubao, akihema, akisikiliza mfereji ukinyonya tone la mwisho. Chini huko miguu ilipunguza mwendo. Ikasimama. Halafu ikaja sauti, moja tu, kutoka mbali, haina hata hasira.

"Mke wangu... yanapungua."

Akaziba masikio. Alilia usiku ule kuliko alivyolia mumewe alipopotea, kwa sababu mara ya kwanza alinyang'anywa, mara hii alifunga kwa mikono yake. Lakini mdogo wake yu salama na watoto wake wamelala salama. Alijiambia hivyo mpaka usingizi ukamchukua pale pale juu ya mawe.

Sasa, mgawa maji yeyote anajua jambo hili, halihitaji kusomewa: ukifunga lango, maji yaliyokwisha kupita hayarudi yalikotoka. Yanatuama pale pale yalipokutwa, kwenye bonde la kwanza, uani kwa mtu. Bi Zamu alilijua kuliko wote. Alikuwa akiwagombeza wakulima kwa hilo hilo kila msimu. Hofu ilimsahaulisha.

Aliamshwa na mtu kuita.

"Dada."

Kulikuwa kunapambazuka, ukungu umejaa. Mdogo wake alikuwa amesimama ndani ya mfereji, chini ya lango, miguu imezama kwenye tope. Gauni lake lilikuwa na matope mpaka magotini. Bi Zamu aliruka kwa furaha, maana alikuwa na hamu ya kumwona mtu hai.

"Umekuja," alisema. "Mdogo wangu, umekuja. Nina mengi ya kukuambia, na mengine yatakuudhi. Watoto hawajambo?"

"Shemeji yupo kwangu," alisema mdogo wake.

Bi Zamu aliushikilia ubao wa lango.

"Amekuja na wageni wake. Wamejaa jikoni, wamejaa uani. Maji yaliwakatikia hapo kwangu, hawana pa kwenda. Wamekunywa mitungi yote, Dada. Wamekunywa na maji ya kuoshea vyombo." Alimeza mate, na mate hayakuwepo. "Yalipokwisha wakaanza kututazama. Mimi nilipiga kelele, lakini shemeji ni mtu wa utaratibu, unamjua. Akatupanga foleni. Akasema tusisukumane, kila mmoja atafikiwa na zamu yake."

"Watoto wako wapi?" Sauti ilimtoka Bi Zamu kama si yake.

"Wanakusalimu. Wanaomba ufungulie."

"Umewaachaje huko peke yao?"

"Wamenituma mimi kwa sababu mimi bado mgeni. Miguu yangu inavumilia tope. Yao haivumilii."

Ndipo Bi Zamu alipomtazama vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Na ile harufu, ukindu uliolowekwa muda mrefu, haikutoka chini kwenye matete tena. Ilitoka hapo karibu. Hakutaka kuijua. Alipiga magoti ukingoni akamnyoshea mikono yote miwili, jinsi alivyokuwa akimtoa mtoni walipokuwa wadogo.

"Panda," alisema. "Nishike, mdogo wangu. Panda huku juu, tukae sote hapa, tutafikiri cha kufanya."

Mdogo wake aliitazama ile mikono. Alitaka kuishika, ilionekana wazi kwamba alitaka. Aliinua mguu mmoja kutoka kwenye tope, akausogeza mpaka kwenye ukingo, kisha akaurudisha taratibu.

"Hapo pakavu, Dada."

Bi Zamu alibaki amepiga magoti mpaka jua likatokea. Kisha akainuka, akaushika ubao, akaufungua wote.