Mjakazi wa Kijiko cha Malkia

Wageni waliingia ishirini na mmoja, lakini vile vitambaa vya kuvalia juu ya viatu, ili sakafu ya kasri isichubuke, vilirudi jozi ishirini na mbili. Jozi ya ziada ilikuwa imelowa chapachapa, inanuka tope la handaki la maji linalozunguka kasri.

"Miaka ishirini na sita unatembeza watalii, bibi wewe, hata kuhesabu umesahau?" Ejvind, mlinzi wa mlango, alimtania Tove.

"Nusa kwanza, Ejvind, ndipo ucheke."

Ejvind akanusa. Utani ukamwisha. Ilikuwa saa kumi tu alasiri, lakini Desemba ya Denmark ilikuwa imeshafunika kila kitu kwa giza.

Tove alikuwa na kichekesho kimoja kilichompa sifa. Kwenye chumba cha vyombo vya fedha huonyesha kijimlango cha watumishi na kusema: "Hapa alipita mjakazi aliyesingiziwa wizi wa kijiko cha malkia. Wakamtosa handakini. Kesho yake kijiko kikaonekana. Wapi? Mfalme alikikalia!" Watu huvunjika mbavu, mara nne kwa siku. Nasi wafanyakazi wa kasri tusijifanye malaika: tulishakisikia mara mia, na bado tulicheka.

Kesho yake alifungua kinywa palepale, akatapika maji meusi. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni maonyesho. Kisha sauti ya mtu mwingine ikasema kooni mwake: "Niite."

Kasri lilipofungwa, Mchungaji Ragnhild, rafiki yake tangu shule, akaja na mshumaa.

"Ni yule mjakazi, anataka jina lake," alinong'ona. "Mwite, umwombe radhi, ataondoka."

Wakapekua madaftari ya zamani. Farasi wa mfalme wote walikuwa na majina. Mbwa nao, hata yule aliyekufa kwa kuvimbiwa keki. Kisha mstari mmoja: *Mjakazi, amekufa maji.*

"Mbwa ana jina, Ragnhild! Mbwa!"

"Punguza sauti, mpenzi. Anasikia."

Naam, alisikia, kwa maana nyayo zenye maji zilianza kushuka ngazi za watumishi, chap, chap, bila haraka, na harufu ya tope ikatangulia ikajaza chumba, na vijiko vikaanza kutetemeka kabatini kimoja baada ya kingine, na maji yakampanda Tove kifuani, kooni, puani, hata akaona anazama amesimama wima katikati ya sakafu kavu, akapiga kelele kwa pumzi ya mwisho:

"Basi chukua langu! Chukua, uniache!"

"Tove, usi—"

Mshumaa ukazimika. Maji yakakauka kifuani.

Ragnhild akauwasha tena, akamtazama kwa mshangao wa adabu. "Samahani, mama. Kasri limeshafungwa. Umeingiaje humu?"

Tove alipanda baiskeli akakimbia kwenye theluji mpaka nyumbani. Ufunguo ukakataa. Akagonga. Preben, mume wake, akafungua, kitambaa cha jikoni begani, akamtabasamia kama unavyomtabasamia mtu aliyepotea njia.

"Nikusaidie, mama?"

"Preben, ni mimi!"

Kutoka jikoni mwanamke akauliza, "Nani huyo, mpenzi?"

"Simjui, Tove," akajibu Preben, akafunga mlango taratibu.